Mengineyo Ndiyo Nini? Mwongozo wa Kuwa Mpiga Kura Msumbufu

Mtendaji wa kijiji alikuwa ameshasoma karibu nusu ya taarifa ya mapato na matumizi, mbio mbio, kwa sauti ya mtu anayewahi gari la mwisho la Gongo la Mboto. Ushuru wa gulio, kiasi kadhaa. Michango ya choo cha shule, kiasi kadhaa. Akaingia kwenye matumizi: saruji, mabati, misumari, mbao. Kisha akasema, "Matumizi mengineyo, shilingi laki tatu na elfu arobaini," na kidole chake kilikuwa tayari kinafunua ukurasa wa pili.

Bibi mmoja aliyeketi mkekani chini ya mwembe akanyoosha mkono.

"Mwanangu mtendaji, hebu rudi nyuma kidogo. Hayo mengineyo ndiyo nini?"

Kilikuwa kijiji kimoja cha Kisarawe, ndani kidogo ukitoka barabara ya Maneromango. Watu walicheka. Mtendaji naye alicheka, akamwambia bibi asiwe na wasiwasi, ni mambo madogo madogo ya ofisi. Bibi hakucheka. Alisema mambo madogo madogo nayo yana majina, na yeye hana haraka, atayasikiliza yote. Mtendaji akakosa jibu. Mwenyekiti akaamua risiti ziletwe mkutano ujao. Jioni ile nilirudi Kibaha nikiwaza kwamba katika miaka yote ya kusikiliza bajeti ikisomwa redioni, sijasikia swali zuri kuliko lile.

Maofisini watu wa aina ya bibi huyu wana jina lao: wasumbufu. Jina hilo nalipokea kwa mikono miwili. Mwongozo huu ni wa mtu yeyote wa Kibaha au Kisarawe anayetaka kuwa msumbufu wa kweli, mwenye hesabu mkononi, asiyemtukana mtu na asiyeondoka mpaka ajibiwe.

Anza na luku

Fungua simu yako utafute ujumbe wa mwisho wa luku. Wengi tunasoma zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, basi. Leo soma na mistari mingine. Kuna VAT asilimia 18. Kuna asilimia 3 ya REA, ya kupeleka umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA wanaodhibiti huduma za nishati na maji. Kuna pia kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa humo humo: ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kama umepanga Maili Moja au Picha ya Ndege na luku unanunua wewe, ujue kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kaeni mkubaliane ikatwe kwenye pango.

Sasa nenda kijiweni kwa bodaboda. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Kijana wa Mlandizi anayejaza lita 3 asubuhi ameshachangia shilingi 300 za barabara kabla hajapata abiria wa kwanza. Akipasuliwa tairi na shimo njiani, ana haki ya kuuliza shilingi zake 300 zimefika wapi.

Nayasema haya kwa sababu nimechoka kusikia "serikali imetuletea zahanati", "mheshimiwa ametuletea darasa". Hakuna aliyetuletea. Tumenunua wenyewe, kwa luku, kwa sabuni, kwa petroli, na kwa mikopo ambayo watoto wetu wataendelea kuilipa tukiwa hatupo. Mtu akishajua kwamba yeye ndiye mnunuzi, hata sauti yake mkutanoni hubadilika. Anauliza kama aliyetoa noti ya elfu kumi dukani na bado anasubiri chenji.

Na tukiuliza wengi tunasikika. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza, mtu aliyemtumia mama yake hela ya dawa alikatwa na mtandao na akakatwa na serikali. Kelele zilipigwa kila kona ya nchi, na Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata. Ile haikuwa huruma ya mtu. Ilikuwa usumbufu wa wengi.

Juni 12, 2025 ilisomwa bungeni Dodoma bajeti ya shilingi trilioni 56.49. Trilioni ni neno la kulaza akili. Dawa yake ni kuligawa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima. Gawa, utapata kama shilingi 915,000 kwa kila kichwa, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Familia ya watu sita ina fungu la shilingi milioni tano na nusu hivi. Sehemu kubwa itakuwa imelipa madeni na mishahara kabla haijakaribia kijijini kwenu, na hilo lina sababu zake. Hata hivyo keti na watu wa nyumbani kwako jioni moja, mtaje mliyoyaona ya milioni tano na nusu. Walimu mliowapata, dawa mlizozikuta dirishani, maji yaliyotoka bombani. Orodha hiyo, iwe ndefu au fupi, ndiyo ya kwenda nayo kwenye mkutano wa kampeni.

Jua mlango wa kugonga

Nimewaona watu wazima wakimfokea diwani kwa jambo ambalo diwani hana ufunguo wake, na diwani akaondoka kifua mbele kwa kuwa hakuulizwa hata moja katika yale anayoyaweza.

Kijijini tunachagua mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Mjini tunachagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake. Halafu diwani, mbunge na Rais. Basi. Mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa na mkurugenzi wa halmashauri wanateuliwa na Rais. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa. Mkurugenzi, mtu anayesimamia fedha zote za halmashauri, hajawahi kukuomba kura na hatakuomba. Anayetakiwa kumbana ni diwani ndani ya baraza. Anayetakiwa kumbana diwani ni wewe, na baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka, mlango wazi. Nenda siku moja ukae kiti cha nyuma. Mheshimiwa wenu aliyenguruma kwenye kampeni kama simba wa Saadani, msikilize siku hiyo kama ananguruma au anapiga miayo.

Watu wa Kibaha wana kazi ya ziada, kwa kuwa wilaya yao ina halmashauri mbili. Wa Maili Moja, Tumbi na Kongowe wako upande wa mjini. Wa Soga, Kwala na Mlandizi wako Halmashauri ya Wilaya, yenye makao yake Mlandizi. Kuna mtu anaweza kukaa mwaka mzima akidai kwenye halmashauri isiyo yake, na kila akienda anajibiwa kwa adabu kwamba suala lake linafanyiwa kazi.

Barabara nazo zina wenyewe. Za mkoa na kuu ni za TANROADS. Za wilaya na mitaa ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Maji ya vijijini ni ya RUWASA, iliyoanza 2019, na mijini Kibaha na Kisarawe ni DAWASA. Mtambo wa Ruvu Juu uko hapo hapo Mlandizi, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na bomba lake kubwa linakwenda Dar es Salaam likipita karibu na nyumba ambazo wenyewe wamekuwa wakichota kwa madumu. Kwa hiyo mgombea akipanda jukwaani Mlandizi akisema "nitaleta maji", msumbufu huuliza taratibu: mheshimiwa, utayaleta kupitia chombo kipi, kwa kasma ipi, na bajeti ya mwaka gani? Maswali matatu, bila ukali. Mgombea aliyejiandaa atakupa jibu, na huyo mpe sikio lako lote. Asiyejiandaa atakuambia maji ni uhai.

Kuna fungu moja ambalo liko kabisa mikononi mwa halmashauri, nalo ni asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, inayotakiwa kukopeshwa bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, na ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Omba kuona orodha ya vikundi vilivyopewa kwenye kata yako. Wewe unawajua majirani zako kuliko mkaguzi yeyote kutoka Dodoma. Kikundi cha ufugaji wa kuku kisicho na hata unyoya mmoja wa kuku utakibaini kabla chai haijapoa.

Bei ya kanga

Nchi hii ilikuwa na sheria iliyoruhusu takrima. Iliingizwa mwaka 2000, ikasema mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema si rushwa bali ni mila na desturi. Mashirika matatu ya kutetea haki na mazingira yakaipeleka mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kwa kuwa inamnyima maskini nafasi sawa ya kugombea. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini neno lilipoondoka, sufuria za pilau zilibaki motoni. Kila msimu utaona bodaboda wakijaziwa mafuta ya kusindikiza msafara, kanga na kofia zikigawiwa, na wakati wa kura za maoni ndani ya chama, bahasha zikitafuta wajumbe usiku. Ndipo walioshindwa wakaanza kulalama kwamba wajumbe si watu.

Msumbufu hachukui, na akiulizwa kwa nini, anatoa hesabu. Miaka mitano ina siku 1,826 hivi. Mtu akikupa shilingi elfu kumi ili umpe miaka mitano, amekununua kwa shilingi tano na senti kidogo kwa siku. Hata pipi huipati kwa bei hiyo. Ukichukua, siku utakapokwenda kumuuliza kuhusu zahanati atakuangalia usoni kama mtu aliyekwishalipa bili yake, na machoni mwake ni kweli amelipa. Mpishi wa pilau namwelewa, ana ujira wake. Mama mwenye njaa namwelewa pia, na sitasimama mbele ya sahani yake kumhubiria. Ninayemkatalia ni mtu mwenye shamba lake, ng'ombe wake na redio yake, anayeuza kitambulisho kwa bei ya kilo mbili za sukari.

Madaftari mawili

Hili ni fupi, lakini limewaponza wengi. Kuna Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, linalotumika kumchagua Rais, mbunge na diwani. Na kuna orodha nyingine kabisa ya uchaguzi wa serikali za mitaa, unaosimamiwa na TAMISEMI. Kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024 uandikishaji ulikuwa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20. Mwenye kadi yake nzuri ya Tume aliyekaa nyumbani akidhani inamtosha, siku ya kura alikuta jina lake halipo. Uliza mapema ni daftari lipi, na mwamshe jirani.

Kura ya mkono

Najua swali linalokuja. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa. Wa 2024 chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za vijiji, mitaa na vitongoji. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, intaneti ilizimwa, watu walikufa, na matokeo ya urais yakatangazwa kwa asilimia 97.66. Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nina majirani waliosema hawatasimama tena kwenye foleni ya kura. Sina maneno ya kuwapunguzia uchungu wao, na sitajifanya ninayo.

Ninachowaambia ni kwamba mwananchi ana kura nyingine ambayo hata waliokata tamaa wanayo bado. Hiyo hupigwa kwa mkono, hadharani, chini ya mwembe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unakaa angalau kila baada ya miezi mitatu, na ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Unachagua halmashauri ya kijiji na unaweza kuwaondoa wajumbe wake. Uwezo huo haupo kwa mbunge wala kwa diwani: ukishawachagua hao, utawasubiri miaka mitano. Mwenyekiti wa kijiji unaweza kumuita kila robo mwaka.

Watu wa Kisarawe wanajua vizuri kuliko sehemu nyingi nchini uzito wa mkono mmoja ulionyooshwa. Katikati ya miaka ya 2000 ilikuja kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels, ikitaka ardhi ya kulima mibono ya kutengeneza mafuta ya magari ya Ulaya. Mbono kaburi tunaujua toka zamani, wazee waliupanda makaburini. Kampuni ilipata hekta 8,211 zilizokuwa za vijiji zaidi ya kumi, kwa hati ya miaka 99. Ukitaka kuziona hekta hizo, fikiria viwanja vya mpira zaidi ya elfu kumi na moja vimepangwa kimoja baada ya kingine kutoka Mtamba kuelekea Mhaga na kuendelea. Wanavijiji walieleza baadaye kwamba waliahidiwa visima, zahanati, barabara na ajira. Ajira zikaja, mamia. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika na ajira zikaondoka. Watu walibaki wakilalamikia fidia ndogo, njia zilizofungwa, na mahali walipozoea kuchota maji na kuzuru makaburi ya wazee wao ambapo sasa palikuwa na mlinzi.

Kwa nini ardhi haikurudi siku ile ile mwekezaji alipofunga virago? Hapa ndipo msumbufu anatakiwa akae sawa. Ardhi ya kijiji ikihamishwa kwa taratibu za Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inakuwa ardhi ya jumla. Kampuni ikifa, ardhi inabaki ya jumla, hairudi kijijini yenyewe. Hati inaweza kuuzwa kwa mwingine, na huyo mwingine hamkuwahi kumuona mkutanoni. Na zile ahadi za visima zilitolewa kwa mdomo. Kisima kisichoandikwa kwenye mkataba hakina maji.

Sheria hiyo hiyo inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji. Kwa hiyo mkono wako unatafutwa, na unatafutwa kwa haraka, siku yenye soda na gari la kukurudisha nyumbani. Msumbufu afanye hivi. Asisaini karatasi ya mahudhurio isiyo na tarehe, ajenda na jina la mkutano juu yake, kwa sababu karatasi tupu yenye majina mia mbili inaweza kesho kubandikwa nyuma ya muhtasari wa jambo ambalo hamkulijadili. Aulize: hii ni hekta ngapi, na aonyeshwe mipaka kwa mguu, mti hadi mti. Aulize: mradi ukifa, ardhi inakwenda wapi? Aombe ahadi zote ziandikwe kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti. Akijibiwa kwamba wageni wana haraka, aseme wazi kwamba ardhi imekuwepo tangu kabla ya babu zetu na inaweza kusubiri hadi mkutano ujao.

Darasa la milioni ishirini

Kuna muhula fulani wa ujenzi ambao kila kata inaukumbuka. Mwishoni mwa 2021 zilikuja fedha za UVIKO-19, trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000. Darasa moja la sekondari lilipangiwa shilingi milioni 20. Kazi ilifanywa kwa fosi akaunti: hakuna mkandarasi mkubwa, shule inanunua vifaa yenyewe, fundi anapewa ufundi, na wananchi wanaunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Utaratibu huu ni mzuri kwa sababu moja kubwa, unamweka jirani yako mlangoni mwa stoo.

Jirani yangu mmoja, fundi mstaafu, alikuwa kwenye kamati ya mapokezi. Alikaa kwenye kigoda chini ya mkorosho na daftari la shule la kurasa 40, akiandika kila kilichoshuka: mifuko ya saruji, tripu za mchanga, nondo kwa idadi na unene. Siku moja ilishuka nondo ya milimita 10 wakati hati ya mapokezi ilisomeka 12. Alichukua kipande, akakipima mbele ya dereva, akarudisha gari zima. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kijana wangu, lenta hii itabeba vichwa vya watoto." Darasa lipo mpaka leo, halina ufa. Kila nikipita naliangalia.

Usidanganyike na maneno "hati safi". Kila Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake, na Aprili zinafika bungeni. Halmashauri ikipata hati safi hupiga ngoma. Hati safi maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa kama kanuni zinavyotaka. Haina maana kwamba kila shilingi ilitumika vizuri, wala kwamba darasa halina ufa. Ndani ya ripoti hiyo hiyo unaweza kukuta malipo yasiyo na viambatisho na mapato yaliyokusanywa yasiyofika benki. Ripoti ni nene, lakini tafuta jina la halmashauri yako tu, usome kurasa hizo. Taasisi ya WAJIBU, iliyoanzishwa na Ludovick Utouh aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, huzifupisha ripoti hizi kwa lugha ya kueleweka. Na ukinyimwa taarifa kwenye ofisi ya umma, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri, hesabu siku 30.

Viongozi wana shule yao Kibaha, pale Kwa Mfipa, iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa jina la Mwalimu Nyerere, ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Wanafundishwa kuongoza. Wapiga kura hatujajengewa ya kwetu, kwa hiyo yetu ni mkutano wa kijiji, na ada yake ni kufika.

Mkutano uliofuata nilikwenda tena. Mtendaji alikuwa na karatasi mpya, na safari hii alisoma polepole. Mengineyo yalikuwa haya: nauli za kwenda wilayani, 48,000. Shajala, 62,000. Chai ya wageni, 90,000. Mlinzi wa pampu ya maji, miezi miwili, 140,000. Jumla 340,000, hesabu imetimia, na watu wakaanza kuguna kwa kuridhika.

Bibi alikuwa mahali pake, mkeka ule ule. Hakumtazama mtendaji. Aligeuza shingo akamtazama kijana aliyesimama nyuma kabisa, ameegemea baiskeli.

"Mjukuu wangu, wewe si ndiye mlinzi wa pampu?"

"Ndiyo, bibi."

"Umezipata?"

Kijana akashika usukani wa baiskeli, akatazama chini, akamtazama mwenyekiti. "Nilipokea laki moja, bibi. Nilisaini laki moja."

Mwenyekiti akamwomba mtendaji alete hati ya malipo. Mtendaji akasema iko ofisini na ofisi imefungwa. Bibi akasogeza mkeka wake kwenye kivuli, maana jua lilikuwa limeshahama, akasema watasubiri ufunguo. Wanawake wawili wakakaa karibu yake. Kisha wengine.